Mrejesho: harambee yetu Kisumu bila maji ya chupa

Mwezi uliopita niliwauliza tufanyeje ili watu 300 wale na wanywe kwenye harambee ya kanisa letu hapa Kisumu bila kuacha rundo la chupa na sahani za kutupa. Asanteni sana, ndugu zangu.

Sahani na vijiko tulikodi kwa wale wale waliotuletea hema na viti. Hapo hakukuwa na shida yoyote. Maji tuliyaweka kwenye madumu ya lita 20 yenye bomba, pamoja na vikombe vya chuma. Wazee walisita mwanzoni, wakauliza kama yamechemshwa. Mama mmoja wa jikoni akasimama kando ya dumu, akawahakikishia, wakanywa. Aliyenishauri niweke mtu pale, Mungu akubariki; bila yeye madumu yangerudi yamejaa.

Tulikokwama ni kwenye kuosha. Vikombe 120 havikutosha, beseni mbili zikachafuka upesi, na kufikia saa nane vijana walikimbia dukani wakaleta katoni 4 za maji ya chupa. Iliniuma sana. Baadhi ya chupa hizo niliziokota mtaroni jioni, na mtaro wetu unaelekea ziwani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na tukazoea vikapu, lakini chupa bado tunazo.

Kwa atakayeandaa shughuli kama hii: kodi vikombe sawa na idadi ya wageni, na uweke beseni tatu, ya sabuni, ya kusuuzia na ya maji moto. Sisi tutajaribu hivyo Desemba.