Saa ya Kifaransa ya marumaru nyeusi: kasha limepauka na mashine inasimama, nianzie wapi?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Saa ni ya mezani, mashine ina muhuri wa Japy Frères, watengenezaji wa saa wa Ufaransa. Kasha limepauka kijivu, kipande cha msingi upande wa kushoto kimeachia, na mashine hutembea dakika chache ikasimama. Nimeshauriwa nisugue kasha kwa siki. Niendelee?

KonaYaSaa: Siki usiiguse mkuu, wala limau, wala dawa ya choo. Tunaliita marumaru, lakini ni jiwe la chokaa jeusi, mengi yalichimbwa Ubelgiji. Asidi inalila juu na kuacha ukungu mweupe ambao nta haiufichi.

Kabla ya kubeba saa toa pendulamu, na uinue kwa kushika chini. Ukishika sehemu ya juu inaweza kubaki mkononi, maana vipande viliunganishwa kwa plasta na gundi ya wanyama, na unyevu huvilegeza. Kwenye kipande kilichoachia kwangua plasta yote kwa kisu, bila nyundo. Paka epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika tano haikupi nafasi ya kulinganisha kingo. Funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, acha siku nzima. Palipomeguka, changanya epoksi na rangi nyeusi ya unga, jaza izidi kidogo, kisha sawazisha kwa msasa.

Msasa2000: Weusi haujapotea, uso wa jiwe ndio umekwaruzika. Mashine ikiwa nje, tumia msasa wa maji namba 800, 1200, halafu 2000, ukiulaza kwenye kibao bapa. Usiruke namba: mikwaruzo ya 800 huonekana vizuri jiwe likishang'aa. Malizia kwa nta nyeusi, tabaka jembamba, sugua kwa kitambaa cha pamba. Kama uso bado ni laini na umepauka tu, nta pekee inatosha. Wengi wanakimbilia msasa bila sababu.

Mleta uzi: Na mistari ya dhahabu iliyochongwa?

Msasa2000: Msasa usipite hapo, dhahabu haina unene. Iliyofutika irudishie kwa nta ya dhahabu, ukifuta inayozidi kabla haijakauka.

FundiPendulamu: Tuje kwenye mashine. Nyuma kuna skrubu mbili zinazovuta vyuma virefu kutoka mbele. Shikilia uso wa saa (wenye namba) unapozifungua, la sivyo uso huo utaanguka.

Kusimama: kwanza sikiliza mlio. Saa ikiwa mahali pake, sogeza pendulamu taratibu kulia mpaka isikike tik, kisha kushoto. Umbali lazima ulingane. Usipolingana, kunja kidogo ule mkono unaosukuma pendulamu kuelekea upande wenye umbali mfupi. Angalia pia bati jembamba linaloning'iniza pendulamu. Likiwa na mkunjo, badilisha.

Ikiendelea kusimama, huenda mafuta yameganda, na mashine inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Legeza springi zote mbili kabisa kabla ya kufungua bamba za mashine, maana springi iliyojaa huvunja meno na vidole. Kama ni Brocot (mfumo unaoachia meno ya gurudumu moja moja) yenye vijiwe vyekundu mbele ya uso, usivitie kwenye spiriti unaposafisha: vimeshikwa kwa shelaki, aina ya gundi inayoyeyuka kwenye spiriti, vitachomoka.

Mleta uzi: Nimeelewa. Na kile kitundu kidogo juu ya 12?

FundiPendulamu: Cha kurekebisha mwendo, tumia ncha ndogo ya ufunguo. Kuelekea herufi A inaongeza kasi, R inapunguza. Zungusha kidogo tu, subiri siku nzima ndipo upime.