Mdogo wangu ana hepatiti B ya kudumu, tiba ya "kutafuta chanzo" itamtosha?

Yaya_Kadutu: Jamani, salamu kutoka Bukavu. Mdogo wangu alienda kutoa damu, wakamkuta na hepatiti B, ule ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi. Miezi sita imepita, amepima tena, bado ipo. Sasa kuna mtaalamu wa tiba ya kutafuta chanzo, wale wanaodai kutibu kiini cha ugonjwa, anayesema virusi vimeganda kwa sababu tumbo ni chafu na vitamini zimepungua. Kamwandikia chupa za zinki na mizizi ya kusaga, bei yake inakaribia kodi ya nyumba. Huku nyumbani wamemtengea sahani, anakula peke yake barazani. Roho inaniuma. Nishaurini.

Muuguzi_Ibanda: Pole, yaya. Kwanza sahani irudi mezani leo hii. Hepatiti B haiambukizi kwa bugali wala kwa kupeana mkono. Inapita kwa damu, kwa ngono, na kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Vya kutenga ni wembe na mswaki.

Hizo chupa hazitaiondoa. Kirusi hiki hujificha ndani kabisa ya chembe za ini. Hata tenofovir, kidonge kimoja kila siku, hukizuia kuzaliana tu, ndiyo maana haiachwi bila daktari kusema. Wala si kila mtu huanzishiwa: wanaangalia vipimo vya ini, wingi wa virusi na ekografi, yaani picha ya ini. Apimwe na VVU kabla ya kuanza, maana mwenye VVU akimeza tenofovir peke yake, VVU huizoea.

Papa_Bagira: Mimi situpi yote ya huyo mtaalamu. Kumuuliza mgonjwa anakula nini na anakunywa nini ni jambo jema. Kasiksi na lotoko, hizo pombe zetu, aache kabisa. Karanga na mahindi yenye ukungu vina aflatoksini, na sumu hiyo ikikutana na hepatiti B, hatari ya kansa ya ini hupanda sana. Mke wangu humwaga karanga kwenye ungo, anachambua moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu anatupa. Ila mizizi ya kusaga hapana! Ini lililo mgonjwa ndilo litakalobeba mzigo wa kuichuja.

Yaya_Kadutu: Asanteni sana. Ana mchumba, mahari imeshatolewa. Tufanyeje?

Muuguzi_Ibanda: Mchumba apimwe. Kama hana, achanjwe dozi zote tatu, na watumie kondomu mpaka azimalize. Arusi iendelee. Ninyi wa nyumbani pia mpimwe, na pesa ya chupa ilipie vipimo.