Masikio yangu ni mazima, wewe mshika rimoti!

Sina_Dogo (mleta mada)

Wakuu, leo sina salamu.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila hosteli ina wa kwake: laptopu yake, waya wa HDMI wake wa kuunganishia TV, spika mbili zake, basi anadhani na muvi kaitengeneza yeye. Ijumaa usiku anakaa mbele kabisa, rimoti mapajani kama bakora, na ole wako usogeze mkono.

Sasa hebu oneni tusi la leo, bado lina moto.

Dakika 4 za mwisho. Muvi nzima, dakika 120, inazunguka siri moja tu. Mama kalala kitandani, anamvuta mwanawe karibu, anaanza kunong'ona. Midomo inacheza. Mvua tunaisikia. Violini tunazisikia. Kitanda kinakwaruza sakafu, tunakisikia mpaka tunajua ni cha chuma. Mama? Bubu. Watu 23 shingo zimetutoka kama twiga. Akaambiwa kwa adabu zote, "Kaka, maneno hayasikiki." Hakugeuka. Bisi mdomoni. "Masikio yenu ndiyo mabovu."

Masikio yetu! Watu 23, masikio 46, yote yameziba kwa pamoja, sekunde ileile mama alipofungua mdomo! Mlipuko wa ugonjwa huo ungeshatangazwa.

Kwa faida ya asiyejua, na hasa kwa faida yake yeye: muvi nyingi huja na sauti ya chaneli 6, ile inayoandikwa 5.1. Kushoto, kulia, katikati, mbili za pembeni, na moja ya besi. Maneno ya waigizaji, karibu yote, yanawekwa kwenye ile ya katikati. Ukiidanganya laptopu kwamba una spika zote hizo, na wewe una mbili, yenyewe inakuamini. Inayapeleka maneno kwenye spika ya katikati ambayo haipo. Kinachobaki kushoto na kulia ni mvua na violini. Ndiyo maana alipoongeza sauti tulipata mvua kubwa zaidi. Kafika 100, madirisha yanatetemeka, mama bado bubu, na yeye bado ana masikio yetu mdomoni.

Dawa haichukui hata dakika: fungua mipangilio ya sauti ya Windows, chagua spika zako, nenda kwenye kusanidi, toa 5.1 weka sterio, yaani spika mbili. Ukishafanya hivyo, maneno ya katikati yanagawiwa kushoto na kulia. Nusu dakika! Mtu ameona ni rahisi zaidi kutukana vichwa 23.

Makosa yake mengine nayapita. Anakuza picha mpaka paji la uso la mwigizaji linaisha. Anasimamisha muvi kutueleza tulichokiona. Hayo ningesamehe. Lakini MASIKIO?

Mpaka naandika hapa sijui mama alisema nini. Anayejua asiniambie.

Kambi_Popote

Naweka kambi. Mwenye mto wa ziada anirushie.

Bibi_Fremu

Mleta mada umeongea kirefu kuliko huyo mama. Hamkuwa na manukuu, yale maandishi ya chini ya skrini? Manukuu yapo kwa ajili hiyohiyo.

Sina_Dogo

Manukuu yalikuwepo, yakazimwa, na yeye ndiye aliyeyaharibu. Alipakua faili lililopimwa kwa fremu (picha moja moja za muvi) 25 kwa sekunde akalibandika kwenye muvi ya fremu 23.976. Mwanzo huoni kitu. Tofauti ni kama asilimia 4, lakini inajilimbikiza. Ukifika dakika ya 116, manukuu yametangulia karibu dakika 5. Mama bado yuko kituoni anasubiri basi, chini tayari imeandikwa "mwanangu, nisamehe."

Kambi_Popote

Kwa hiyo siri mliisoma.

Sina_Dogo

Tuliisoma mstari mmoja ndipo akazima. Huo mmoja ndio unaniua.

Dada_Waya

Hapo kwenye manukuu wengi wanakosea, niwaambie. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea muvi, kuna herufi G na H, zinasogeza manukuu kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza. Hizo zinasaidia pale manukuu yanapochelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Yakiwa yanazidi kuachana kadiri muvi inavyoendelea, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu. Hapo tatizo ni kasi, si muda. Fungua faili kwenye programu ya Subtitle Edit, badilisha kutoka fremu 25 kwenda 23.976, hifadhi. Na ukiona herufi zenye alama juu zimegeuka vinyago, hifadhi upya kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaozitambua hizo.

Sasa kuhusu kesi yenyewe. Mleta mada una hasira na hasira imekupa jibu moja tu. Si lazima iwe 5.1. Spika zake zinatumia waya wa pini ya milimita 3.5, sivyo? Ule waya una njia tatu: kushoto, kulia, na ya pamoja. Ya pamoja ikikatika, au pini isipoingia mpaka mwisho, spika zinabaki kutoa TOFAUTI kati ya kushoto na kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Na ni nini huwa sawa pande zote? Sauti ya mtu anayeongea. Violini zilizotawanywa zinabaki, zinasikika kama ziko ndani ya pipa.

Pima hivi: cheza rekodi ya mhadhara, au yoyote ya mtu mmoja anayeongea. Ikisikika vizuri, waya ni mzima na mpangilio wa 5.1 ndio mwizi. Na yenyewe ikipotea, sukuma pini, zungusha, badilisha waya.

Sina_Dogo

Dada, umeniongezea hasira. Yaani kuna uwezekano tumetukanwa masikio kwa sababu ya PINI?

Mzee_wa_Mwisho_wa_Safu

Mimi nawaza tu ujasiri wa kusema hivyo huku unatafuna.

Kitasa

Chai. Masikio 46 wakati mmoja wenu alikuwa kajifunika blanketi anakoroma. Masikio 44.

Picha_Laini

Mnamsema bure. Jamaa anajua TV. Amewasha kile kitu cha kulainisha mwendo, picha inateleza kama maji. Bila hicho muvi zinakatakata.

Bibi_Fremu

Huyu naye katoka wapi?

Kijana, muvi inapigwa fremu 24 kwa sekunde. Ni hivyo tangu filamu zilipoanza kuongea, mwishoni mwa miaka ya 1920. TV yako inaonyesha 60. Ili zijae, ama TV irudie fremu, moja mara tatu, inayofuata mara mbili, ama ibuni fremu za uongo za kuziba mapengo. Hicho unachokiita maji ni fremu za uongo. Ndiyo maana muvi ya mamilioni inaonekana kama video ya harusi, na mtu akikimbia mbele ya uzio miguu inayeyuka. Samsung wanaiita Auto Motion Plus, LG wanaiita TruMotion, Sony wanaiita Motionflow. Majina matatu, kero moja. Ingia mipangilio ya picha, zima. TV za karibuni nyingi zina Filmmaker Mode, inazima uchafu wote huo kwa mara moja.

Picha_Laini

Kwenye mpira je?

Bibi_Fremu

Kwenye mpira washa hata mara mbili. Tunaongelea muvi.

Kitasa

Hata Tom Cruise na mwelekezaji Christopher McQuarrie, Desemba 2018, walitoa video nzima kuwaomba watu wazime hiyo kitu. Mtu anayejirusha kutoka kwenye ndege kwa hiari yake, kilichomtisha ni TV ya sebuleni.

Picha_Laini

Macho yangu yanapenda.

Mzee_wa_Mwisho_wa_Safu

Macho yako ndiyo mabovu.

Kambi_Popote

😂😂😂 Mkuu, uzi ufungwe.

Sina_Dogo

Usifungwe! Na msiligeuze tusi langu kuwa utani wa hosteli!

Robo_Tatu

Mimi nina wa kwangu, na ni mbaya kuliko wenu. Anayekuza picha kwa sababu "mistari myeusi inapoteza TV". Ndugu, muvi imepigwa kwa umbo la upana 2.39 kwa kimo 1. TV ni 16 kwa 9. Kwenye skrini ya mistari 1080, picha halali inachukua kama 803, iliyobaki ni nyeusi, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukikuza mpaka weusi uishe, robo ya picha inatupwa, nusu yake kila upande. Watu wawili wanazozana pembeni za skrini, wewe unaangalia ukuta uliopo kati yao. Halafu anauliza, "Hivi anaongea na nani?"

Tikiti_Moja

Afadhali huyo, yuko ndani. Nileteeni yule anayeharibu safari ya ukumbini. Kundi la WhatsApp watu 11, wote "nipo". Saa ya kutoka wamefika 4. Wa tano anaoga. Mnaingia matangazo yameisha, viti vilivyobaki ni safu ya kwanza, mnaangalia mapua ya waigizaji kwa saa mbili.

Kutoka na kikundi kuna kanuni. Hela ya tikiti inakusanywa siku moja kabla, asiyelipa hahesabiwi. Muda mnaotangaza uwe dakika 40 kabla ya muda halisi. Viti chukueni katikati, theluthi mbili kutoka mbele, hapo picha inajaa macho bila shingo kuteseka na sauti za pande zote zinafika sawasawa. Mwenye kibofu kidogo akae pembeni ya njia, tena aambiwe mapema, bila aibu.

Kitasa

Na yule anayesoma manukuu kwa sauti?

Tikiti_Moja

Huyo usimtaje, nitaanzisha uzi wake.

Mzee_wa_Mwisho_wa_Safu

Na yule ambaye kila muvi "kitabu kilikuwa kizuri zaidi". Kitabu hajasoma. Hata kile cha mtihani wa Jumatatu hajasoma.

Dada_Waya

Na wenye spika za Bluetooth. Sauti inasafiri, inafungashwa, inafunguliwa, inafika imechelewa, mara nyingine robo ya sekunde nzima. Mlango umeshafungwa ndipo unasikia "ba!" Kwenye VLC tumia J na K kusogeza sauti, milisekunde 50 kila mbonyezo. Au tumia waya. Waya haujawahi kumkosea mtu heshima.

Sina_Dogo

Waya si ndio umesema umekatika? Jamani, turudi kwenye masikio.

Mgeni_wa_Flashi

Samahani wakuu, niko nje ya mada kidogo. Muvi ina GB 6, flashi ina nafasi GB 28, lakini inakataa, inasema faili ni kubwa mno. Flashi ni feki?

Robo_Tatu

Siyo feki. Imeumbizwa, yaani imeandaliwa kuhifadhi mafaili, kwa mfumo wa FAT32, huo haupokei faili moja la kufika GB 4 hata nafasi ingekuwa ya kulima. Iumbize upya kwa exFAT. Inafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza.

Mgeni_wa_Flashi

Nimeshaumbiza. "Kwanza" nimeiona baadaye.

Kambi_Popote

Mkuu. Kulikuwa na nini?

Mgeni_wa_Flashi

Kazi ya kikundi. Kurasa 34.

Kitasa

Acha kuweka chochote kwenye hiyo flashi sasa hivi! Usinakili muvi juu yake. Kama ni uumbizaji wa haraka, data bado ipo mpaka iandikwe juu yake. Endesha programu ya kuokoa mafaili, Recuva au PhotoRec, na ulichookoa ukihifadhi kwenye laptopu, usikirudishe hapohapo.

Tikiti_Moja

Kikundi cha watu wangapi, na wangapi waliandika?

Mgeni_wa_Flashi

Sita. Wawili.

Tikiti_Moja

Na jina la kwanza kwenye jalada ni la nani?

Mgeni_wa_Flashi

La yule ambaye kazi yake ilikuwa kuchapisha.

Bibi_Fremu

HAPO SASA. Hao ndio wa kuanzishiwa uzi. Anaingia kwenye kikundi siku ya mwisho, anauliza "tumefikia wapi", anabadilisha fonti, jina lake namba moja.

Mzee_wa_Mwisho_wa_Safu

Na kwenye kuwasilisha anachukua ukurasa wa "asanteni kwa kusikiliza".

Robo_Tatu

Gaweni sehemu kwa maandishi siku ya kwanza, na faili liwe la pamoja mtandaoni, lile linalotunza historia ya nani kaandika nini na saa ngapi. Mhadhiri akiuliza, mnafungua historia. Maneno mengi ya nini.

Sina_Dogo

Wakuu, mama bado hajasikika.

Mgeni_wa_Flashi

PhotoRec imerudisha! Majina ya mafaili yamekuwa namba namba lakini kurasa zipo. Mbarikiwe. Sasa muvi imeingia, nimechomeka kwenye TV, picha ipo ila sauti hakuna kabisa.

Dada_Waya

Hiyo itakuwa sauti iliyofungashwa kwa aina ya DTS, TV nyingi haziifungui. Bonyeza kitufe cha lugha au sauti kwenye rimoti, angalia kama kuna njia nyingine, ya AAC au AC3. Isipokuwepo, cheza kwa laptopu upitishe HDMI.

Mgeni_wa_Flashi

HDMI sina. Anayo yule wa chumba cha TV.

Tikiti_Moja

Mwombe kwa upole. Na kama unapita huko, muulize Ijumaa ijayo anaweka muvi gani.