Muuzaji akibofya mara mbili, bili inaongezeka kabla dirisha la bei kufunguka. Nifanyeje?

Kijana wa Bondeni:
Assalam alaykum wandugu. Namwandikia ami yangu programu ya mauzo kwa Python na Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha na vitufe). Ana duka la leso Barabara ya Biashara. Leso zote ziko kwenye orodha ya Treeview (jedwali la Tkinter lenye mistari): ukibofya mstari mara moja, doti moja inaingia kwenye bili, ukibofya mara mbili, linafunguka dirisha la kurekebisha bei.

Shida ni kwamba akibofya mara mbili, dirisha linafunguka vizuri lakini na doti nayo imeshaingia. Jana mama mmoja alitozwa doti asiyochukua, ami akamrudishia pesa mbele ya wateja. Niliona aibu sana. Nimeunganisha `<Button-1>` na `<Double-Button-1>`, yaani bonyezo moja na mabonyezo mawili ya haraka, kila moja na kazi yake. Nitaizuiaje ile ya kwanza?

Fundi Likoni:
Wa alaykum salam. Programu yako haijakosea. Kipanya kikibonyezwa, Tkinter haiwezi kujua kama bonyezo la pili laja, basi hutoa `<Button-1>` papo hapo. La pili likija ndani ya milisekunde 500, na kipanya hakijasogea sana, ndipo hutoa `<Double-Button-1>`. Iweke ile ya kwanza kiporo, yaani ingoje milisekunde 500 kwa `after`, na la pili likija ifutwe kwa `after_cancel`:

```
kiporo = None

def moja(e):
    global kiporo
    mstari = orodha.identify_row(e.y)
    kiporo = root.after(500, lambda: ongeza(mstari))

def mbili(e):
    root.after_cancel(kiporo)
    fungua_bei(orodha.identify_row(e.y))
```

Usipunguze ile 500. Ukiweka 200, mtu mwenye mkono mzito atabofya la pili wakati la kwanza limeshatekelezwa, na utarudi palepale.

Binti Kisauni:
Msimbo wa Fundi unafanya kazi, lakini kwa duka siukubali. Fikiria siku za kuelekea Idi, watu wamejaa mlangoni. Ami abofya, aona hakuna kitu, adhani haikusikia, abofya tena kabla nusu sekunde kwisha. Hayo ni mabonyezo mawili! Dirisha la bei lamfungukia na hakulitaka.

Kosa liko kwenye mpango wenyewe. Kubofya mara mbili lazima kupitie kubofya mara moja, kwa hiyo ile ya kwanza isiwe na madhara. Tazama mafaili kwenye kompyuta: moja huchagua, mbili hufungua, na kuchagua hakumdhuru mtu. Fanya hivyo hivyo. Moja ichague leso tu, mbili ifungue bei, na doti iingie kwa kitufe kikubwa cha ONGEZA au kwa Enter. Pesa za watu zisitegemee kasi ya kidole.

Fundi Likoni:
Hapo umenishinda, dada. Kijana, fuata hilo. Ila unganisha pia `<Triple-Button-1>` na kazi isiyofanya kitu, maana bonyezo la tatu la haraka huita tena `<Double-Button-1>`, na unaweza kupata madirisha mawili ya bei.

Kijana wa Bondeni:
Shukran sana. Nimetoa `after`, nimeweka kitufe. Ile ya mara tatu sikuijua kabisa; nilipojaribu kabla ya kuiziba, madirisha mawili yalifunguka kweli. Ami ameuza tangu saa nane hadi magharibi, na bili zote zimelingana na leso zilizotoka.