Naenda Aisilandi miezi sita. Baridi nimeikubali, ila hili la bwawani limenikwaza

BintiNungwi
Asalaam aleykum, na salamu kwa wakuu wote.

Mimi ni afisa uvuvi hapa Unguja. Ofisi imenipendekeza kwenda kwenye mafunzo ya uvuvi ya GRÓ, yale ambayo zamani yalikuwa ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na sasa yako chini ya UNESCO. Ni miezi sita, Septemba hadi Machi, yaani majira yote ya baridi nayala mimi. Darasa liko Hafnarfjörður, jirani na Reykjavík.

Habari za makoti na buti msinipe, nimezisoma mpaka zimenichosha. Kinachonisumbua ni kingine. Kuna mwenzetu ofisini aliyetangulia huko, ananiambia wenyeji hawakai mitaani wala hawatembeleani ovyo, wanakutana kwenye mabwawa ya maji moto. Ukitaka kuzoeana na mtu, nenda naye bwawani jioni. Hapo sawa. Kisha akaongeza kuwa kabla ya kuingia ni lazima uoge kwa sabuni, uchi kabisa, chumba kimoja na wengine, na kuna mhudumu anayehakikisha umefanya hivyo.

Mimi ni mtu wa hijabu, jamani. Niende, au nitafute udhuru miezi yote hiyo? Na kama kuna mengine ya kushangaza kuhusu chakula, swala na tabia za watu, nipeni mapema. Waliokaa huko tafadhali.

MzeeKitambi
Uchi na msimamizi juu yake? Rudisha tiketi.

DadaVesturbær
Dada, nimeishi Reykjavík miaka kadhaa. Mwenzako hajakudanganya, ila amekuachia njiani.

Kwanza, wanawake chumba chao na wanaume chao. Ukutani kuna mchoro wa mtu uliotiwa rangi sehemu za kusugua: kichwa, makwapa, sehemu za siri na miguu. Kila mgeni anaucheka huo mchoro, lakini una sababu. Klorini wanaitia kidogo, kwa hiyo usafi wa maji unategemea usafi wa watu wenyewe. Ndiyo maana hawana mzaha. Ukijimwagia maji juu juu na nguo yako ya kuogelea mwilini utarudishwa, na asipokurudisha mhudumu atakurudisha bibi wa miaka themanini.

Pili, faragha ipo kwa anayeuliza. Mabwawa mengi yana walau bafu moja lenye pazia au mlango, na mengine yana chumba cha pembeni cha kubadilishia nguo. Uliza mapokezi kabla hujaingia, hawashangai kabisa. Ukishaoga unavaa vazi lako ndipo unatoka nje. Mimi navaa burkini, lile vazi la kuogelea linalofunika mwili, na swali pekee nililowahi kuulizwa ni nimeinunua wapi. Simu iache kabatini, kupiga picha mle ndani ni marufuku.

Sasa huko nje. Pembeni ya bwawa kubwa kuna vibwawa vya duara, maji kuanzia nyuzi 38 hadi 44. Theluji inakuangukia kichwani na mwili uko kwenye joto. Watu wamekaa wamezama hadi mabegani wanajadili bei, siasa, mpira, nani kaoa. Ile ni baraza, ila ya maji. Katika nchi ambayo mtu anaweza kupanda basi na wewe mwaka mzima bila kukusalimu, pale ndipo midomo inafunguka. Ukikosa bwawa umewakosa wenyewe.

UstadhMwembe
Namheshimu dada hapo juu, ila tusimpotoshe binti. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake ana mpaka wa aurati, kitovu hadi magoti. "Hawashangai" si hoja ya kisheria.

DadaVesturbær
Ustadh, ndiyo maana nimeandika pazia. Sikusema avue mbele ya watu. Nimesema aulize mapokezi.

UstadhMwembe
Kwa pazia sina neno. Na vile vibwawa wanakaa wanaume na wanawake pamoja?

DadaVesturbær
Pamoja, ndiyo. Hilo la kuamua mwenyewe, sitamfichia. Akitaka utulivu aende asubuhi ya siku za kazi, atawakuta wazee tu.

MvukeNaivasha
Mimi ni Mkenya, nilienda upande ule mwingine wa mafunzo, ya jotoardhi. Sisi wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi, tumepita huko wengi sana, kwa hivyo uliza tu.

Jambo la kwanza litakalokushtua ni bafu la nyumbani. Ukifungulia maji moto yananuka yai viza. Usiite fundi, hayo yanatoka chini ya ardhi yakiwa na salfa, na harufu utaizoea haraka. Pete na bangili za fedha vua kabla ya kuoga, zitakuwa nyeusi. Maji baridi ya bomba ni kitu kingine kabisa, ni ya chemchemi, safi kuliko ya chupa. Yaache yatiririke kidogo ndipo ukinge. Ukiona mgeni ananunua maji dukani ujue amefika jana.

Karibu nyumba tisa kwa kila kumi zinapashwa joto na hayo maji ya ardhini, na bili ni nafuu mpaka watu wanafungua dirisha chumba kikizidi joto. Kwa hivyo ndani utavaa fulana. Viatu unaacha mlangoni kila nyumba.

Halafu suala la kuitana. Kule hakuna cha Profesa wala Mheshimiwa. Mkurugenzi, daktari, hata rais wa nchi anaitwa jina lake la kwanza. Si utovu wa adabu, ni kwamba wengi hawana jina la ukoo. Mtoto wa Jón ni Jónsson akiwa wa kiume, Jónsdóttir akiwa wa kike, na hata kitabu cha simu kilikuwa kinapangwa kwa majina ya kwanza. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu.

BintiNungwi
Kumbe hao ni kama sisi! Mimi ni jina langu, la baba, la babu, basi. Kila nikijaza fomu ya viza wananidai jina la ukoo namwandika babu yangu. Ila kumwita mwalimu mtu mzima jina lake kavu bila shikamoo, hapo nitapata tabu.

MvukeNaivasha
Utapata tabu wewe, yeye hatagundua lolote.

Kijana_wa_Buza
Wakuu, koneksheni ya hayo mafunzo inapatikanaje? Mimi nina cheti cha umeme wa magari.

BintiNungwi
Si ya kuomba mwenyewe mtandaoni, mdogo wangu. Taasisi yako ndiyo inakupendekeza, na uwe tayari unafanya kazi kwenye fani hiyo. Umeme wa magari sidhani.

MpembaUghaibuni
Wa aleykum salaam. Nikupe ya swala na tumbo.

Desemba jua linachomoza saa tano na dakika ishirini asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Adhuhuri inaingia kama saa saba na nusu. Maana yake adhuhuri, alasiri na magharibi zinasongamana ndani ya saa mbili. Ukiwa na kipindi darasani mchana, sema mapema upewe dakika zako, la sivyo zitakupita zote ukiwa umekaa. Usitegemee macho, pakua ratiba ya Reykjavík kwenye simu. Saa zao hazibadilishwi kiangazi wala baridi, wako nyuma yetu saa tatu mwaka mzima, kwa hiyo kupiga simu nyumbani hakuna hesabu ngumu.

Ramadhani yako itaangukia Februari, umebahatika. Waliofunga mwaka 2016 iliwakuta Juni, jua lilizama karibu na saa sita usiku, mchana wa mfungo ukawa wa saa ishirini na mbili hivi. Wengine walifuata fatwa za kufunga kwa saa za miji mingine. Wewe mwanzo wa Februari utafuturu saa kumi na moja na ushee jioni, mapema kuliko Unguja.

Chakula: ile soseji yao maarufu ya kwenye mkate wanaisifu kwa nyama ya kondoo, lakini humo kuna na nguruwe. Iache. Samaki kula bila wasiwasi, wewe tena ndiyo kazi yako. Utapenda samaki mkavu wao, wanampaka siagi na kumtafuna hivyo hivyo. Vichwa vya chewa wa Atlantiki wanavikausha na kuviuza Nigeria, muombe mwalimu akupeleke ukaone. Skyr kula, ni mtindi mzito.

Januari na Februari watakuletea papa aliyevundikwa, na watakutazama usoni wasubiri uruke. Huyo ni papa wa Greenland, nyama yake mbichi ina sumu, kwa hiyo wanamvundika kisha wanamtundika miezi kadhaa mpaka sumu itoke. Harufu ya amonia inapanda puani. Mtu aliyekulia na papa mkavu wa Darajani hatatikisika. Wenyeji wanamshushia na pombe kali, hiyo waachie wenyewe.

MamaPacha
Ni kweli wanalaza vichanga nje kwenye baridi? Niliona picha nikasema ni uongo.

DadaVesturbær
Kweli tupu. Kigari nje ya mkahawa, mtoto kafunikwa vizuri amelala fofofo, mama yuko ndani na kahawa yake akimwangalia dirishani. Wanaamini hewa baridi inampa usingizi mzuri. BintiNungwi, ukikiona kigari peke yake usianze kutafuta mwenyewe kwa kelele.

MzeeKitambi
Na majini, yale mapepo? Nasikia barabara wanazipindisha kupisha majini.

DadaVesturbær
Si majini, ni viumbe wasioonekana wanaosemekana kuishi kwenye miamba. Huko huko Hafnarfjörður anakokwenda ndiko wanakosifika. Mji wa Kópavogur kuna barabara inabanwa na kilima chao mpaka leo. Ukimuuliza mtu kama anaamini atakuambia hapana. Ukimwambia basi livunje hilo jiwe, hataligusa.

MvukeNaivasha
Mzee, la kushangaza zaidi ni mbu. Nchi nzima haikuwa na mbu hadi Oktoba 2025, walipopatikana watatu huko Kjós. Ikawa habari ya dunia.

MzeeKitambi
Watatu! Chumbani kwangu sasa hivi wako zaidi ya hao.

BintiNungwi
Ahsanteni sana wote, na Ustadh pia, umenisaidia kupata mpaka wa kusimamia. Nimeamua nitakwenda, bwawa lenye pazia, asubuhi, na burkini yangu. Swali la mwisho na msinicheke: kuogelea sijui.

MzeeKitambi
Afisa uvuvi hujui kuogelea?

BintiNungwi
Mkuu, nenda pwani yoyote uwaulize wavuvi wenyewe wangapi wanajua.

DadaVesturbær
Wenyeji wa huko nao walikuwa hivyo hivyo. Wavuvi wao walizama wakiiona pwani kwa sababu hawakujua kuogelea, ndipo likafanywa somo la lazima shuleni. Leo kila mtoto anajua. Kwenye vile vibwawa vya duara maji ni ya kukaa tu, hayana kina, kwa hiyo usihofu. Bwawa kubwa lina upande wa watoto, anzia hapo, na ukiwa tayari ulizia masomo ya watu wazima. Taulo beba ya kwako, kukodi ni gharama. Na ukimaliza, jifute maji yote huko huko kwenye mabafu kabla hujarudi kwenye makabati. Ukilowesha sakafu ya kubadilishia nguo, hapo hata pazia halitakuokoa na yule bibi.