Kwenda Magadi kwa pikipiki mwezi wa Februari: koti livaliwe au livuliwe?

Mwendeshaji wa Rongai anauliza:
Ndugu waendeshaji, sisi marafiki wanne, mmoja wetu akiwa amempakia mkewe, tunakusudia kwenda Ziwa Magadi mwezi wa Februari na kurudi Nairobi siku hiyohiyo. Mwaka jana, tulipopita Oltepesi, joto lilitulemea hata mwenzetu akavua koti na glavu, akaendesha na fulana peke yake, na tulipofika ziwani alikuwa akitetemeka na kutapika. Sijaacha kujilaumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeongoza msafara na sikuona kwamba anabaki nyuma. Je, alikosea kuvua koti? Na maji tuyanywe vipi?

Mzee wa Ngong:
Poleni sana. Koti livaliwe, ndugu yangu, wala si kwa kuhofia kuanguka tu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Magadi mita 600 hivi. Kwa hiyo mnaposhuka kutoka Kona Baridi, ambako asubuhi vidole hufa ganzi, mnaingia katika hewa ambayo mchana hupita nyuzi 35 na mara nyingine hukaribia 40. Ngozi ya binadamu nayo ina nyuzi 35 hivi. Hewa ikizidi hapo, upepo wenyewe hukupasha joto, na kinachokupoza ni jasho linalokauka tu. Anayeendesha mikono wazi hukaukiwa na jasho mara litokapo, hivyo hupoteza maji mengi bila kujiona amelowa, na hilo ndilo lililompata mwenzenu. Loweka fulana ya pamba, ikamue kidogo, uivae ndani ya koti, na zipu uiache wazi kidogo tu shingoni. Ikikauka, simameni muiloweshe tena.

Muuguzi mwendeshaji:
Nakubaliana na Mzee. Kuhusu maji, msisubiri kiu, wala msinywe chupa nzima kwa mkupuo. Kunyweni kidogo kila mnaposimama, na mbebe dawa ya ORS. Mkiikosa, lita moja ya maji safi kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, inafaa. Kutetemeka na kutapika ni onyo la kusitisha safari. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msimpe cha kunywa: mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha na mtafute gari la kumfikisha hospitali. Tafadhali pia, mwenye nguvu kidogo awekwe nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, ili mwendo wa kundi zima uwe mwendo wake.

Fundi wa Kiserian:
Pimeni upepo wa tairi asubuhi, zikiwa baridi. Zikipata moto bondeni kipimo kitapanda, na wengi hupunguza upepo hapohapo. Msifanye hivyo, kwa maana jioni mtakuwa mkipanda mlima na tairi zisizo na upepo wa kutosha, na tairi legevu hujikunja na kuchemka zaidi. Injini inayopozwa kwa upepo izimwe kila mnaposimama. Huyo aliyempakia mkewe asiilazimishe gia kubwa wakati wa kupanda.

Mwendeshaji wa Rongai:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Tumekubaliana kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kupumzika Olorgesailie, penye vivuli na yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, ambayo shemeji yetu anatamani sana kuyaona. Magadi hatutaondoka kabla ya saa kumi jioni. Mwenzetu aliyeugua ameridhia kuwa wa pili, na nimemwahidi kwamba akiwasha taa ya pembeni mara moja tu, nitasimama bila kumuuliza sababu.