Naomba ushauri: mama kapimwa balansi, kachukua sekunde 17

Wakuu habari za saa hizi. Bi mkubwa wangu ana miaka 71, mwezi huu kayumba mara mbili akitoka bafuni, hajaanguka ila mara ya pili alidaka mlango. Juzi mtu wa fiziotherapi akampima, unainuka kwenye kiti unatembea mita 3 unageuka unarudi unakaa, akachukua sekunde 17, tukaambiwa mzee akifika 12 au zaidi ni dalili anaweza kuanguka. Kingine asimame kisigino cha mguu mmoja kimegusa vidole vya mwingine sekunde 10, ya nne tu kashanishika bega. Mimi nina 29 nikajaribu nyumbani nikaona rahisi, kufumba macho tu nikaanza kutikisika kama mlevi, kumbe macho yanabeba kazi hivyo!

Sasa alipimwa na kandambili na kiti chenyewe kifupi hakina mikono, hiyo si inaharibu kipimo? Nirudie mwenyewe kwa saa ya simu? Na dawa za presha zinaweza kuchangia? Mliofanyisha wazee wenu mazoezi ya kusimama mguu mmoja mlianzaje, maana huyu anasema hiyo ni michezo ya watoto.